Funga mzigo kabla mzigo haujakufunga

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kwamba mzigo mzito mpe Mnyamwezi, wakiwakumbuka wapagazi hodari waliobeba pembe za ndovu mabegani kutoka bara hadi pwani. Lau wahenga hao wangefufuka leo na kusimama kando ya barabara yoyote ya Kenya, bila shaka wangeibadili methali yao. Mzigo mzito siku hizi hupewa mwendesha bodaboda.

Ni nani ambaye hajaona maajabu hayo? Magunia ya makaa yamepangwa hadi yakampita dereva kimo. Kochi zima limelazwa juu ya keria. Milango, mabati, kreti za soda, mbuzi aliyefungwa miguu, na hata jeneza. Kazi hii iliyoanza kwa baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia sasa imeenea hadi vijiji ambavyo gari halijawahi kufika.

Hata hivyo, wengi wetu tunapozungumzia ajali za pikipiki hutaja mwendo wa kasi, ulevi na kutovaa helmeti. Ni haki kuyataja hayo. Lakini kuna adui mwingine anayeketi kimya nyuma ya dereva: mzigo uliofungwa ovyo. Huyu hapigi kelele wala hanywi pombe. Hungoja tu kona, shimo au upepo, kisha humwangusha mwenyewe.

Ili kuelewa jinsi mzigo unavyopaswa kufungwa, mwandishi wa makala haya alisafiri kwa pikipiki kutoka Isiolo hadi Marsabit, mwendo wa takriban kilomita 260 katika barabara kuu iendayo Moyale. Aliandamana na barobaro mmoja wa bodaboda aliyekuwa akimpelekea dada yake vifaa vya shule ya bweni. Kabla ya kuondoka, tulipata somo kutoka kwa babu yake kijana huyo, mzee aliyehudumu miaka mingi kama afisa wa mifugo katika nyika hizo.

SOMO LA ALFAJIRI

Isiolo huamka mapema. Saa kumi na mbili asubuhi wauza chai walikuwa wamekwisha kuwasha majiko, malori yaendayo kaskazini yalikuwa yakinguruma, na kina mama walikuwa wakipanga maziwa ya ngamia katika mitungi ya plastiki.

Kijana alikuwa amemaliza kazi yake, au hivyo ndivyo alivyodhani. Sanduku la bati la dada yake lilikaa mwisho kabisa wa keria ili yeye mwenyewe apate nafasi ya kujinyoosha. Juu ya sanduku alikuwa amesimamisha godoro, na juu ya godoro ndoo. Mkungu wa ndizi ulining'inia kwenye usukani.

Babu yake aliuzunguka mzigo huo mara moja, akaushika kwa mkono mmoja na kuutikisa.

“Mjukuu wangu, fungua vyote,” akasema.

“Lakini Babu, jua litatuchomea njiani.”

“Heri likuchome ukiwa mzima.”

Kijana hakuwa na la kusema. Akafungua.

Mzee alieleza kwamba jaribio la kwanza ni kutikisa. Ukiutikisa mzigo nayo pikipiki ikatikisika pamoja nao, umefunga vyema. Ukitikisika mzigo peke yake huku pikipiki imetulia, hiyo si safari bado.

Kisha akataja jambo la pili, ambalo ndilo kubwa: uzito ukae wapi. Kitu kizito chapasa kuwa chini na karibu na mgongo wa dereva, kamwe si juu wala mwisho wa keria. Uzito ukipita nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, hufanya kazi kama mtoto mnene kwenye pembea. Huinua upande wa pili. Gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani huanza kuyumba, na dereva akifika kwenye kona pikipiki hukataa kumtii. Isitoshe, hilo gurudumu la mbele ndilo lenye breki ya kutegemewa zaidi. Likielea, breki nayo imeelea.

Kwa hiyo sanduku lilisogezwa mbele hadi likakaribia kugusa kiti cha dereva. Vitabu na spana, ambavyo ni vizito, vilikwenda chini ya sanduku. Blanketi na nguo zikapanda juu. Godoro likakunjwa likabanwa hadi likawa kama gogo, likalazwa kwa urefu wa pikipiki badala ya kukingama barabarani. Ndizi zikaondolewa kwenye usukani.

“Usukani ni wa mikono yako,” mzee akamwambia mjukuu wake. “Si duka la matunda.”

KAMBA IPI?

Kuhusu kamba, mzee huyo ana maoni yasiyobadilika.

Kamba ya mkonge ni imara na fundo lake halitelezi, lakini hubadilika na hali ya hewa. Ikinyeshewa hujikaza, na ikikauka hulegea. Kamba ya nailoni haiozi upesi, lakini huteleza, na fundo lililofungwa kwa pupa hujifungua lenyewe kwa mtetemeko wa injini. Ile mipira ya dukani yenye ndoano mbili ni rahisi kutumia, ila ndoano ikichomoka huruka kwa nguvu na inaweza kumtoboa mtu jicho. Anayeivuta asiinamishe uso juu yake.

Anayoipenda yeye ni ile ambayo vijana wa stendi huiita blada, yaani vipande virefu vya tyubu kuukuu ya gari. Blada huvutika na kujirudi, hivyo mzigo ukizama kidogo yenyewe huufuata na kuendelea kuubana. Maadui zake ni wawili. Jua huipasua, na pembe kali ya bati huikata. Kwa sababu hiyo, blada yenye nyufa hutupwa, na kila mahali inapopita juu ya ukingo mkali huwekewa kitambaa kinene au kipande cha tairi.

Mzigo hufungwa kwenye chuma cha keria katika sehemu nne, na kamba zikapishana juu yake. Kamba moja iliyopita katikati tu huuacha mzigo ujizungushe kama mlango kwenye bawaba. Na ncha zote zinazobaki huchomekwa ndani na kufungwa tena. Ncha inayoning'inia ndiyo muuaji. Ikinaswa na spoki au cheni, gurudumu la nyuma hujifunga ghafla, na dereva hana muda hata wa kumwita Mola wake. Kina mama wanaopanda bodaboda wakiwa wamejifunga leso au kuvaa buibui wanaijua hatari hiyo, au wanapaswa kuijua.

SANDUKU LA BARAFU

Nilimuuliza mzee huyo kwa nini anachukulia kamba kwa uzito mkubwa hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akaeleza.

Katika miaka ya 1980, lami ilikomea hapa Isiolo. Kwenda kaskazini kulikuwa ni changarawe, vumbi na mawimbi ya barabara yaliyolegeza hata meno. Malori yalisafiri kwa misafara yakisindikizwa na polisi kwa hofu ya majangili. Maafisa wa nyanjani walitumia pikipiki kama vile Yamaha AG 100, iliyotengenezewa kazi za shambani, yenye keria mbele na nyuma na cheni iliyofunikwa kabisa ili vumbi lisiingie.

Nyuma ya pikipiki yake alibeba sanduku la barafu lenye chupa ndogo za chanjo ya sotoka, ugonjwa ulioweza kumaliza zizi zima la ng'ombe. Alilifungia sanduku hilo juu ya kipande cha godoro na kusimama kila baada ya kilomita 10 kulikagua.

“Siku moja mwenzangu alilibeba yeye,” akasimulia. “Alikuwa na haraka. Alilipachika juu ya mabegi na kulifunga kamba moja. Tulipofika kwenye lagha, tukasikia kishindo. Chupa zote zilikuwa zimevunjika. Mbele yetu wafugaji walikuwa wamekusanya ng'ombe wao tangu jana yake, na wengine walikuwa wametembea siku mbili. Tulilazimika kuwaambia warudi. Mzee mmoja aliniuliza, je, ng'ombe wangu watakufa kwa sababu ya kamba? Sikuwa na jibu.”

Sotoka sasa imebaki historia. Kisa cha mwisho kuthibitishwa duniani kilikuwa cha mwaka wa 2001, miongoni mwa nyati wa Mbuga ya Meru, si mbali na hapo Isiolo. Mwaka wa 2011 ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa ulimwenguni kote. Sifa nyingi walipewa wataalamu wa maabara, na waliostahili wamezipata. Lakini chanjo haikujipeleka yenyewe nyikani. Ilifungwa kwenye magari, punda, ngamia na pikipiki na watu waliojua kufunga.

NJIANI

Leo barabara ni tofauti kabisa. Lami ilifika mto Merille kwanza, kilomita 136 kutoka Isiolo, na hatimaye ikaunganishwa hadi Moyale kufikia mwaka wa 2017. Safari iliyokuwa ikichukua siku mbili au tatu kwa lori hadi mpakani sasa inamalizika kwa siku moja.

Lami, hata hivyo, imeleta hatari yake. Zamani mzigo uliolegea uliangukia vumbini katika mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Sasa unaangukia lami katika mwendo wa 80, mbele ya lori.

Tulisimama mara ya kwanza Archer's Post, yapata kilomita 35 kutoka Isiolo, mahali mto Ewaso Nyiro unapopita kati ya mikoma ukielekea mashariki. Kijana alijaribu blada zake na kushangaa. Mzigo aliodhani umekazwa barabara ulikuwa umezama kiasi cha vidole viwili. Hii ni kawaida. Nguo hushindiliwa, godoro hutoa hewa, na kila kitu hutafuta mahali pake. Ndiyo maana kituo cha kwanza kisizidi nusu saa baada ya kuondoka. Akakaza upya.

Mbele yake mlima Ololokwe ulisimama upande wa kushoto kama meza kubwa ya mawe iliyosahauliwa na majitu. Baada ya hapo nchi hufunguka: migunga, vichuguu vyekundu, kundi la mbuzi, na moran akitembea na mkuki na simu ya mkononi.

Karibu na Laisamis upepo ulianza. Wageni huidharau pepo ya kaskazini, ila wenyeji hawaidharau. Magharibi mwa kaunti hii, upande wa Ziwa Turkana, upepo ni mkali na wa kutegemewa kiasi kwamba mitambo 365 ya kuzalisha umeme ilisimikwa huko na kuzinduliwa rasmi mwaka wa 2019. Upepo huo ukiipiga pikipiki ubavuni, mzigo mpana hugeuka tanga. Hapo ndipo hekima ya kulilaza godoro kwa urefu ilipoonekana. Lori likipita kwa kasi, tulisikia hewa ikitusukuma kisha ikituvuta, lakini mzigo haukucheza.

Tulisimama tena Laisamis kutafuta kivuli na chai. Kijana alikuwa karibu kuketi alipokumbuka amri ya babu yake, akarudi kukagua. Blada moja ilikuwa imekatwa nusu na pembe ya sanduku. Kile kitambaa cha kuikinga kilikuwa kimesogea, na uzi uliobaki haukuzidi upana wa kidole. Chini yake, umbali mdogo tu, ilikuwa cheni.

Hakusema neno. Aliifungua, akaitupa, akatoa nyingine mfukoni na kukata kipande cha tairi kuukuu alichopewa na fundi wa jirani. Chai yake ilipoa, naye akainywa hivyo hivyo.

MWALIMU NI NGAMIA

Baada ya Log-logo, kabla barabara haijaanza kupanda mlima, tulikuta familia ya Warendile wakihama. Ngamia watano walifuatana kwa utulivu, na mgongoni mwa wawili wao ilikuwa nyumba nzima.

Miongoni mwa Warendile na Wagabra, mwanamke ndiye hujenga nyumba, huivunja siku ya kuhama na kuipakia. Miti iliyopindwa hufungwa pande zote mbili za ngamia. Chini yake huwekwa mikeka minene ili mgongo usichubuke. Vyombo vya maji hutundikwa kimoja huku na kingine kule, vikiwa na uzito sawa. Juu kabisa huwekwa vitu vyepesi, na mara nyingine mtoto mchanga wa mbuzi au wa binadamu asiyeweza mwendo mrefu.

Mtazame ngamia huyo vizuri, msomaji, na utaona kanuni zote za mzee wa Isiolo. Kizito kipo chini. Pande mbili zinalingana. Kinachochubua kimewekewa mto. Hakuna kamba inayoburuta karibu na miguu. Na mzigo haukusimama kileleni kama mnara, umekumbatia mwili wa mnyama. Kina mama hawa hawakuhitaji kitabu. Wao husafirisha watoto wao juu ya mzigo huo, na anayembebesha ngamia mtoto hafungi kwa kubahatisha.

UKUNGU WA MARSABIT

Anayetoka kwenye joto la Laisamis hushangaa anapoufikia mji wa Marsabit. Mlima huu umechipuka katikati ya jangwa ukiwa umevaa msitu, na msitu huo huishi kwa ukungu. Humo ndimo alimoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka wa 1974. Humo pia limo ziwa Paradise, ndani ya shimo la volkeno.

Kwa msafiri wa pikipiki, ukungu huo humaanisha baridi na unyevu. Jioni hiyo jaketi langu lililowana bila hata tone la mvua kunyesha. Vitabu na matandiko ya mwanafunzi vilibaki vikavu kwa sababu moja: kila kitu kilikuwa kimetiwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya gunia, si juu ya gunia. Plastiki ikiwa nje, upepo huichana mapema. Ikiwa ndani, gunia huilinda nayo huvilinda vilivyomo.

Langoni mwa shule, msichana alifungua sanduku lake na kulikagua. Sukari haikumwagika. Kioo hakikuvunjika. Ndizi zilikuwa na madoa machache tu.

“Kaka, umefunga wewe?” akauliza kwa mshangao.

“Amefunga Babu,” kijana akajibu.

YA KUKUMBUKA

Kabla hujamkabidhi mwendesha bodaboda mzigo, au mtoto wako pamoja na mzigo, zingatia haya:

Kwanza, upepo wa tairi. Pikipiki yenye mzigo huhitaji upepo zaidi, hasa tairi la nyuma. Kiasi chake kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki, na mara nyingi kwenye kibandiko karibu na cheni. Shokomzoba nazo zina pete ya kukazia, ipandishwe.

Pili, cheni. Ipimwe mzigo ukiwa tayari umepakiwa na dereva ameketi, kwa maana uzito hubadilisha mkazo wake.

Tatu, taa. Mzigo ukiididimiza sehemu ya nyuma, taa ya mbele hutazama mbinguni na kuwapofusha wanaokuja. Ishushwe. Taa ya nyuma, za kuonyesha kona na nambari ya pikipiki zisifunikwe.

Nne, bomba la moshi. Nailoni, godoro na mfuko wa plastiki vikiligusa huyeyuka au kuwaka. Petroli ya akiba isibebwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, wala isiwekwe karibu na bomba hilo au chakula.

Tano, utakavyohitaji upesi viwe juu: maji, koti la mvua, dawa. Pesa na kitambulisho vikae mwilini. Pampu, viraka na spana vikae chini, ila pasiwe na haja ya kubomoa nyumba nzima ili kuvifikia.

Sita, abiria si kamba. Kumketisha mtu juu ya mzigo au kumwambia aushikilie kwa mikono ni kumpa mikono yake kazi mbili, na moja lazima imshinde. Sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu, naye avae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Ikiwa mzigo umemnyima mahali pa kuketi, mzigo huo utafutiwe matatu.

Kila Januari wazazi wetu huhangaikia karo, sare na vitabu, na wakishavipata hupumua. Asubuhi ya safari mtoto hupandishwa bodaboda kwa haraka, sanduku nyuma, godoro kichwani, ndoo mkononi, kwa kuwa matatu itaondoka. Yale maandalizi ya miezi mitatu hufungwa kwa dakika tatu.

Zipe kamba dakika ishirini. Mtikise mzigo mwenyewe, mzazi, usione haya. Dereva akinung'unika kwamba unamchelewesha, mweleze kwamba umelipia kufika. Tahadhari kabla ya hatari, na safari njema.